Tofauti ni Mkate: Miaka Arobaini ya Sharshenbek Mamyrov Nyuma ya Usukani

Ndugu Sharshenbek Mamyrov, dereva wa Kituo cha Kupima Theluji na Maji cha Kara-Bulung, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, baada ya utumishi wa miaka arobaini na miezi minne. Katika muda huo ameendesha magari mawili tu, amewazoea wakurugenzi sita, na ameuvuka mlima wa Kyzyl-Bel mara elfu tatu mia mbili na kitu. Hiyo "na kitu" ni yake. Sisi wapimaji tulimdai idadi kamili, naye akajibu kwamba mlima hautoi risiti.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Zuurakan, mpimaji wa theluji, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa kiti cha abiria kando yake miaka ishirini. Kwanza ilimwomba Mukash, fundi wetu. Mukash alikataa, akasema akishika kalamu atalia, na machozi yanatia kutu spana. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikitaja tarakimu mno. Ni ugonjwa wa kazi.

Kaka Sharshen, kama tunavyomwita sote hata wale tuliomzidi cheo, aliingia kazini Mei 1984 akiwa na miaka ishirini na mitatu, nywele zake zote zikiwa bado kichwani. Alikabidhiwa gari la Kirusi la mwaka 1971, rangi ya kijani, paa la turubai, gia tatu na nguvu za farasi hamsini na tano. Hata wakati huo gari lile lilikuwa likiitwa Babu. Babu hakuwa na mambo ya funguo na swichi asubuhi za baridi. Aliwashwa kwa hendeli, chuma kirefu kilichopinda ambacho dereva alikichomeka puani mwa gari na kukizungusha kwa mikono miwili. Ukikishika vibaya kinakurudi na kukuvunja kidole. Kaka Sharshen ana kidole gumba kilichopinda hadi leo, naye hukionyesha kama wengine wanavyoonyesha nishani.

Sifa za Babu zilikuwa nyingi. Tangi likivuja, lilizibwa kwa kipande cha sabuni. Mkanda ukikatika, ulifungwa kwa utepe wa nywele wa mpimaji yeyote mwenye nywele. Alibeba watu wanane na kondoo mmoja, na kondoo peke yake ndiye hakulalamika. Kasoro zake tulizijua pia, lakini hatukuzitaja mbele za wageni. Alikunywa petroli lita kumi na saba kwa kilomita mia. Joto lake lilipanda miguuni mwa dereva tu, abiria wakaachiwa imani. Na mwendo wake mlimani ulikuwa ule wa mzee anayekwenda kuamua ugomvi usiomhusu.

Sifa kubwa kuliko zote ilikuwa ya Februari 1988. Bi Burulcha, mke wa Kaka Sharshen, alishikwa na uchungu kabla ya wakati wakiwa ng'ambo ya mlima, na mumewe akamtia ndani ya Babu kumwahisha hospitali. Mtoto alizaliwa kileleni Kyzyl-Bel, kwenye kiti cha nyuma, chini ya koti la mpimaji, theluji ikipiga turubai. Wakamwita Jolbubu, jina la mtoto wa njiani. Leo Mwalimu Jolbubu amekaa mstari wa mbele ukumbini na haya yote ameyasikia mara mia. Kituoni hapa hakuna mgeni aliyekunywa chai bila kusimuliwa kwamba gari letu lilizalisha.

Mwaka 2007 likaja gari la pili. Lilikuwa la Kijapani la mwaka 1995, jeupe, la dizeli, gia tano, nguvu za farasi mia na thelathini, limeshatumika kwao hadi wakalichoka. Wiki yake ya kwanza liliazimwa kubeba bibi harusi, likarudi na riboni zikining'inia kwenye vioo. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Bwana Harusi. Usukani wake ulikuwa kulia, kama kwao, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva akitaka kulipita lori haoni kitu. Abiria aliyekaa kushoto ndiye aliyekuwa macho yake. Miaka yote hiyo kazi yangu ya pili imekuwa kupiga kelele: "Pita! Pita! Usipite! Ng'ombe!" Nadhani nimekosea mara mbili tu.

Basi tukaishi na magari mawili kwa raha hadi kiangazi cha 2009, ilipokuja barua kutoka mji mkuu. Kila kituo kibaki na gari moja. Jingine lipelekwe kwenye vyuma chakavu likakatwe.

Mkurugenzi wetu wakati huo, Bwana Esenkul, alikuwa mtu wa haki na wa fomu. Mwenye haki bila fomu, alikuwa akisema, ni mpiga ramli. Akaamua magari yashindanishwe. Njia ni ile ile, kilomita sitini na nane kutoka kituoni hadi kituo cha juu, ng'ambo ya mlima. Dereva ni yule yule, mzigo ule ule, mpimaji yule yule mwenye saa. Siku ya kwanza Babu, siku ya pili Bwana Harusi. Atakayetumia muda mfupi ndiye atakayebaki. Fomu ilieleza wazi mambo matatu yanayoruhusu saa isimamishwe: kondoo barabarani, mto uliofurika, na pancha. Chini yake akapiga mstari na kuandika kwamba jambo jingine lolote halitasimamisha saa.

Kituo kizima kilikuwa upande wa Babu. Mukash alimsafisha kabureta kwa mswaki wake mwenyewe, kisha akaenda nao nyumbani. Kaka Sharshen alikaa mbele ya Babu jioni akivuta sigara, na tulijua anachowaza. Yule mzee wa chuma alikuwa ameshamla miaka ishirini na mitano ya ujana.

Siku ya kwanza tuliondoka saa moja asubuhi. Babu aliitika hendeli mzunguko wa tatu, akakohoa, akaondoka. Barabara ile kiangazi hupita kwenye malisho, na kando yake kulikuwa na mahema saba ya sufu ya wafugaji. Siku ile hatukuona mtu. Bonde la pili kulikuwa na mchezo wa farasi, wale wapanda farasi wanaogombania mzoga wa mbuzi, na watu wazima wote walikuwa wamekwenda huko kushangilia. Tulipungiwa mkono na bibi mmoja mgonjwa na watoto wawili, basi. Kondoo hawakutuzuia, mto ulikuwa mpole, tairi zilistahimili. Babu alifika kituo cha juu kwa saa mbili na dakika arobaini na moja, muda bora kuliko wote maishani mwake, akichemka kama birika la msibani. Kaka Sharshen alimpigapiga boneti. Sikumwona akitabasamu hivyo tena hadi wajukuu walipozaliwa.

Siku ya pili tukatoka na Bwana Harusi. Tukafika hema la kwanza, na hapo barabarani, katikati kabisa, alisimama mama Batma mwenye hema, ambaye kila mtu humwita shangazi, mkono kiunoni, mkate mkono wa pili.

"We Sharshen! Jana umepita hapa kama mwizi wa farasi. Nimeambiwa na watoto. Mkate wangu una ukungu?"

"Shangazi, jana hukuwepo."

"Mimi sikuwepo, mkate ulikuwepo! Shuka."

"Shangazi, leo niko kwenye mtihani. Saa inahesabu."

"Mtihani? Na miaka yako arobaini na minane? Wenzio wanaoza mabinti, wewe uko kwenye mtihani! Acha saa ihesabu, nani kaikataza? Shuka uonje."

Kwetu mtu hapiti mlango aliponyooshewa mkate bila kuumega, hata akiwa na haraka ya kuzima moto. Kaka Sharshen akashuka. Na mkate hauonjwi mkavu, una siagi yake, na siagi ina bakuli lake la maziwa ya farasi yaliyochachuka, yanayolevya kidogo. Tukaaga, tukaondoka kwa kasi ya Bwana Harusi, tukafika hema la pili. Nalo lilikuwa na kinyongo cha jana. La tatu vivyo hivyo. Habari kwamba Kaka Sharshen amepita mahema saba bila kuonja mkate ilikuwa imeenea malishoni kuliko matokeo ya mchezo wenyewe.

Tena kulikuwa na lile janga la usukani. Wenyeji walizoea dereva kukaa kushoto, hivyo kila bakuli lilipitishwa dirisha langu. Nilikuwa na saa mkono mmoja, daftari magotini, na bakuli mdomoni. Mwandiko wangu wa hema la sita ni nyayo za kuku. Lakini niliandika. Kila tuliposimama niliandika dakika, na kila tulipoondoka niliandika dakika, kwa sababu mimi ni mpimaji, na mpimaji hata akilewa hupima.

Bwana Harusi alifika juu kwa saa tatu na dakika ishirini na sita.

Hesabu ya fomu ikawa nyepesi. Babu ameshinda kwa dakika arobaini na tano! Tuliporudi kituoni, Mukash aliruka akamkumbatia Babu shingoni, kama gari lingekuwa na shingo. Mkurugenzi Esenkul alikuna kichwa. Alikuwa ameorodhesha kila kizuizi cha barabara zetu, na mkate haukumjia akilini, kwani ni nani wa hapa kwetu anayeuita mkate kizuizi? Lakini alikuwa ameshapiga ule mstari wake. Akaweka fomu mezani, akampa Kaka Sharshen kalamu.

"Dereva atie saini kwamba matokeo ni ya kweli. Nami nitatia yangu."

"Saini, kaka, tukale!" alisema Mukash. "Karatasi ikisema Babu, ni Babu. Tubishane na karatasi ya serikali?"

Kaka Sharshen hakuishika kalamu. Akanigeukia.

"Zuura, lete daftari lako."

Nikalileta. Akalisoma polepole, kidole kilichopinda kikishuka mstari kwa mstari.

"Hapa hema la sita ni dakika kumi na tatu au ishirini na tatu?"

"Kumi na tatu, kaka. Ni bakuli tu lilinitikisa."

Akajumlisha pembeni ya fomu. Mikate saba ilikuwa imekula saa moja na dakika thelathini na nne. Akatoa. Bwana Harusi, akiwa barabarani peke yake, alitumia saa moja na dakika hamsini na mbili. Alimshinda Babu kwa dakika arobaini na tisa.

"Kaka, acha," nilimwambia. Nakiri nilimwambia. "Hakuna aliyekuuliza."

"Nani hulala kule kituo cha juu Januari?"

"Mimi."

"Basi."

Mukash akawaka. "Unamuuza Babu! Gari lililomzaa mwanao!"

Nimekaa na Kaka Sharshen miaka ishirini na sijamsikia akipandisha sauti. Siku ile pia hakuipandisha.

"Mukash, nyinyi mnalisimulia hilo kila siku kwenye chai, nami nanyamaza. Mnasema mwanangu alizaliwa ndani ya Babu, mnalifanya sifa. Alizaliwa ndani ya Babu kwa sababu Babu hakufika. Nilikanyaga mafuta hadi mguu ukafa ganzi, naye akawa anatambaa. Burulcha alilala hospitali miezi miwili. Nilikuwa namwona kwenye kioo akinyauka, na gari ninalolipenda halikwenda. Nampenda Babu. Sitamdanganyia."

Kisha akaishika kalamu. Kwenye fomu, sehemu ya maelezo ya dereva, aliandika hivi: "Gari jipya lina kasi zaidi. Tofauti iliyoonekana ni mkate." Akatia saini. Mkurugenzi Esenkul, mtu wa haki, alifuta mstari wake, akaongeza jambo la nne linalosimamisha saa. Fomu za kituo chetu zina nafasi ya mkate hadi leo, na wakaguzi kutoka mji mkuu hutuuliza ni kifaa gani hicho.

Oktoba, lilipotajwa lori la kuja kumvuta Babu, Kaka Sharshen alikataa katakata. Alisema mzee haendi kaburini kwa kamba. Akamwendesha mwenyewe kilomita mia moja na arobaini hadi penye vyuma chakavu, Mukash kando yake, wawili hao wakiwa wamenuniana njia nzima. Langoni alizima injini, akachomoa hendeli, akasema "Ahsante, Babu," akaondoka bila kugeuka. Kwenye basi la kurudi kondakta alimuuliza silaha ile ni ya nini. Akajibu ni urithi wa marehemu, akapewa pole na abiria wote. Mukash ndiye aliyelia, na tangu siku hiyo wakapatana.

Hendeli ilitundikwa kwenye msumari ukutani mwa gereji. Miaka kumi na tano imekuwa ikigonga kipande cha reli, kengele yetu ya kuitia watu chakula cha mchana.

Sasa nifike Januari 2012. Nilikuwa kituo cha juu peke yangu, siku ya nne ya zamu, tumbo likaanza kuniuma upande wa kulia. Nilijipa chai. Mchana nikawa siwezi kusimama, nikaita kwenye redio. Kaka Sharshen alinijibu kwa maneno mawili: "Vaa viatu." Alipanda na Bwana Harusi, minyororo kwenye tairi, akanikuta nimevaa kiatu kimoja. Akanilaza kiti cha nyuma. Macho yake ya kushoto ndiyo yaliyokuwa yamelala huko nyuma, hivyo kila kona aliitoa shingo dirishani kwenye upepo wa theluji ili aone mbele. Nakumbuka nilimwambia tukipita kwa mama Batma asisimame. Akasema, "Nyamaza, wewe, mahema yalishahama tangu Oktoba." Tulitumia saa mbili na dakika nane kutoka kituo cha juu hadi mlango wa hospitali. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshika saa. Mpimaji ni mpimaji. Kidole tumbo changu kilikuwa kimeshaanza kupasuka. Daktari alipomaliza alisema kwamba ingepita nusu saa zaidi angekuwa akizungumza na wazazi wangu badala yangu.

Nusu saa ni dakika thelathini. Tofauti ilikuwa arobaini na tisa.

Naandika wasifu huu, ndugu zangu, kwa dakika kumi na tisa zilizobaki. Sikuwahi kumwambia Kaka Sharshen hivi ana kwa ana, kwani angejifanya anatafuta spana. Namwambia hapa kwenye karatasi, mbele ya mkewe, mwanawe na watu wote: ahsante, kaka, kwa saini ile. Ulimpeleka rafiki yako kukatwa ili mtu ambaye bado hajaugua apate kufika.

Mafanikio mengine ni mengi na nafasi ni finyu. Hajawahi kupata ajali, ukiondoa ngamia mmoja wa sarakasi ambaye kwa maelezo yote ndiye aliyekosea. Amefundisha kuendesha nusu ya wapimaji wa kituo, na nusu nyingine amewashauri wapande farasi. Bwana Harusi naye sasa ana miaka ishirini na tisa, ana kikohozi cha asubuhi, na vijana wa ofisini wameanza kumwita Babu. Kaka Sharshen husikia, hucheka, husema kila mmoja atafikiwa.

Wiki iliyopita alifanya safari yake ya mwisho ya kazi, mimi kiti cha kushoto. Mahema saba bado yapo, ingawa kwa mama Batma siku hizi anakaa mkwewe. Tulisimama kwenye kila moja bila kuulizwa, tukaketi, tukala, tukaulizana afya za watu na mifugo. Kilomita sitini na nane zilituchukua saa tisa na dakika kumi. Huo ndio muda mbaya kuliko wote katika historia ya kituo, na nimeuandika kwenye fomu kwa mkono ulionyooka. Nafasi ya mkate niliijaza yote.

Zawadi ya kituo kwako, kaka, ni hendeli ya Babu. Mukash ameing'arisha, na kwa mara ya kwanza tangu Babu aondoke msumari wake utakuwa mtupu. Lakini hautakaa mtupu. Wazee wetu, kijana akienda safari ya mbali, humng'atisha mkate mara moja, kisha huutundika ukutani umngoje, kwa sababu mtu hafi wala hapotei akiwa na mkate alioacha nusu. Leo kabla hujatoka mlangoni, Bi Burulcha atakuletea mkate aliouoka mwenyewe. Ung'ate. Tutautundika kwenye msumari ule, na siku yoyote unayopita Kara-Bulung ujue kuna chakula chako hujakimaliza. Uende ukapumzike salama, wajukuu wakuchoshe, barabara ziwe nyeupe kwa wengine na kavu kwako.

Saa tumeisimamisha.